Wasomaji wa Kyamuyombo

Kwa Waganda, kwenda kanisani ni kusoma. Mtu hakuulizi kama ulisali Jumapili. Anakuuliza kama ulisoma, nawe unajibu nilisoma, hata kama ulisinzia toka wimbo wa kwanza mpaka sadaka. Wakristo wenyewe huitwa wasomaji, kwa sababu wamisionari wa mwanzo walikataa kumbatiza mtu asiyeweza kusoma Injili. Hayo yalikuwa ya zamani. Neno likabaki, kusoma kwenyewe kukapungua taratibu, na kufikia mwaka wa sitini na tatu, pale Kyamuyombo, kijiji cha migomba na kahawa ng'ambo ya kinamasi cha mafunjo, wasomaji walikuwa tele na vitabu viwili tu vya Injili, kimoja kimeliwa na mchwa.

Msomaji aliyewapita wote kwa bidii alikuwa Erisa Kyeyune, mpiga ngoma wa kanisa. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mrefu, kanzu nyeupe na koti jeusi juani na mvuani. Watu walimwita Ssalongo kwa kuwa alizaa mapacha, na mkewe Eseza wakamwita Nnalongo kwa sababu hiyo hiyo, ingawa Eseza alisema kazi ya kuzaa aliifanya peke yake. Kila Jumapili Erisa alipiga ngoma, kisha akasimama mlangoni na kibuyu, akidondosha punje moja ya kahawa kwa kila mtu mzima aliyeingia. Hesabu yake haikuwahi kukosea.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni, nalo lilikuwa na miaka thelathini na miwili. Siku ya kubatizwa kwake kasisi alimpa Injili ya Marko asome. Erisa alikuwa amekariri ukurasa ule kwa kumsikiliza kaka yake, akautiririsha wote bila kukosea, na kwa woga akapitiliza hadi ukurasa wa pili pasipo kufunua. Kasisi alikuwa ameshiba ndizi za mchana na macho yanafumba. Akambatiza. Tangu siku ile Erisa akiona karatasi inamjia hukumbuka ghafla kwamba mbuzi hajafungwa.

Lakini shule aliitaka kuliko mtu yeyote kijijini. Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya kinamasi, na watoto walivuka juu ya gogo. Masika ya mwaka uliopita mjukuu wake Yunia aliteleza, akazama mpaka utosini, akavutwa kwa nywele na mkata mafunjo mmoja. Erisa alilia siku ile mbele za watu bila kuficha uso. Baada ya hapo mama wa watoto wa kike wakakataa, na hakuna msichana hata mmoja wa Kyamuyombo aliyekwenda shule tena. Yunia, miaka minane, alibaki kumenya ndizi akiwa amenuna. Erisa akaapa kwamba shule itavuka kuja upande huu kabla yeye hajavuka kwenda upande wa pili wa maisha, akamsumbua chifu mpaka chifu akaandikia ofisi ya elimu.

Ofisi ikajibu kwa swali, na swali likaletwa na tarishi wa chifu, siku ambayo katekista hayupo.

"Ssalongo, ofisi inauliza. Watu wazima wanaosoma hapa ni wangapi?"

"Wanaosoma? Ngoja nikupe hesabu kamili, ssebo, bwana wangu, siyo ya kukisia." Erisa akaingia kanisani, akatoka na kibuyu, akamwaga punje kwenye mkeka na kuzihesabu mara mbili. "Mia moja arobaini na watatu."

Tarishi akainua kalamu. "Mia moja?"

"Hao ni wa siku za kawaida. Mvua ikinyesha wanapungua. Ukitaka wa Krismasi, andika mia tatu."

"Kuna watu wanasoma Krismasi tu?"

"Na Pasaka. Wavivu hao, tunawaombea."

Tarishi alikuwa na safari ndefu na baiskeli isiyo na breki. Akaandika mia moja arobaini na watatu, akaenda zake.

Barua ilirudi baada ya wiki tatu. Nasanaeri, katekista, mtu mwembamba aliyehudumia makanisa manne kwa baiskeli moja, aliisoma mbele ya waumini baada ya mahubiri.

"'Ofisi imepokea kwa furaha kubwa habari kwamba kijiji chenu kina watu wazima mia moja arobaini na watatu wanaojua...'" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. "'...wanaojua kusoma na kuandika. Hakuna kijiji kingine cha namna hii katika saza zima. Mnastahili shule kabla ya wengine. Mkaguzi, Bwana Ssebuliba, atafika baada ya wiki nane kujionea mwenyewe.'"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nasanaeri akasubiri viishe.

"Nani alipeleka hesabu hii?"

"Mimi!" Erisa akasimama, kifua mbele.

"Ssalongo, wanauliza kusoma maandishi. Herufi. A, e, i."

Hata mtoto aliyekuwa akilia akaacha ili asikie vizuri.

"Basi wangeuliza vizuri," akasema Erisa, akakaa.

Wakahesabiana upya pale pale. Waliojua kusoma kweli walikuwa wanne na nusu. Nusu alikuwa Kiwanuka mwenye duka, aliyejua tarakimu zote na neno "sabuni".

Nyumbani Eseza alicheka mpaka akaweka kisu chini asije akajikata. Eseza alikuwa mlokole, na walokole hawaweki kitu uvunguni. Wakikosa husimama mbele ya watu wote wakasema.

"Andika barua useme ulikosea," akamwambia mumewe.

"Niandike kwa mkono wa nani?"

"Si ndiyo hapo sasa!" Akacheka tena.

Erisa akakaa juu ya kinu. Akamweleza habari ya ubatizo wake, yote, mpaka usingizi wa kasisi. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Najua," akasema Eseza.

"Unajua nini?"

"Miaka yote unashika Marko mbele ya watu na sijakuona ukifunua ukurasa. Mimi pia sijui kusoma, mume wangu. Ila mimi nilisema."

Jumapili iliyofuata Erisa akasimama akasema, jasho likimtiririka ndani ya koti. Alitegemea minong'ono. Badala yake mzee wa kanisa aliyekaa mbele akasimama: "Hata mimi." Nyuma yake mwanamke mmoja: "Mimi kitabu changu cha nyimbo ni kitabu cha mapishi cha bibi mmoja mzungu. Nilipenda jalada." Wakafuatana mpaka saa tisa alasiri, na hakuna aliyekumbuka kukusanya sadaka.

Nasanaeri aliwasikiliza wote. "Mkaguzi tutamwambia ukweli," akasema. "Lakini wiki nane zipo, na Mungu hajakataza mtu kusoma kwa kuchelewa. Ssalongo, kesho saa kumi piga ngoma."

Basi ngoma ikawa inalia kila alasiri, na watu wakatoka kwenye kahawa na mikono yenye udongo. Kitabu kilikuwa kimoja, ile Injili ya Marko iliyonusurika. Kiliwekwa juu ya kigoda, watu wakakizunguka pande zote, kila mmoja akiingiza shingo alipoweza. Nasanaeri alikaa mbele yake na unyasi wa kuonyeshea herufi. Erisa, kwa heshima ya umri wake, alipewa kiti, nacho kikawekwa mkabala na mwalimu, kitabu katikati yao. Eseza alikaa kwenye mkeka upande wa kushoto. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Ilikuwa kazi. Wapo waliokimbia baada ya siku mbili wakisema macho yao yameumbwa kwa ajili ya migomba. Kiwanuka alitafuta "sabuni" katika Marko yote na hakuipata, akavunjika moyo kwa wiki nzima. Lakini katika wiki ya sita Erisa aliweka kidole juu ya neno, akalipapasa herufi kwa herufi, akasema "Yesu," na hakuna aliyemtajia. Alisimama akaenda kuegemea ukuta wa nje. Eseza akamfuata, wakasimama pamoja mpaka pua zao zikakauka.

Siku ya mkaguzi ikafika, Jumatano. Gari lake lilikwama ng'ambo, naye akavuka kwa miguu juu ya gogo lile lile la watoto. Bwana Ssebuliba aliingia kanisani akiwa na suti ya kijivu, tope mpaka magotini na kiatu kimoja. Akaketishwa nyuma ya meza ya sadaka. Nasanaeri akamweleza yote: neno lilivyochanganywa, kibuyu, wiki nane.

"Kwa hiyo si mia moja arobaini na watatu."

"Ni ishirini na sita, bwana. Wanajikongoja."

"Nimepoteza kiatu kwa watu ishirini na sita!" Akageuka huku na huku. "Huyo aliyepeleka hesabu yuko wapi? Njoo, mzee. Kaa hapa mbele yangu. Soma."

Akamwekea Marko mezani, vizuri, kama anavyowekewa mtu yeyote. Erisa akakitazama. Herufi zote zilikuwa zimesimama kwa vichwa. Alidhani ni woga, akafumba macho akafumbua. Bado zilikuwa vile vile. Akakigeuza kitabu, juu kikawa chini, moyo ukatulia, akaanza kusoma.

Bwana Ssebuliba akakifunga kitabu kwa kiganja. "Hata kukishika hajui! Kitabu kichwa chini, maneno yanatiririka. Umekariri, mzee. Nawajua nyinyi."

Lile neno lilimchoma Erisa kuliko tusi lolote, kwa sababu miaka thelathini na miwili iliyopita lingekuwa kweli. Alimwona Yunia amesimama mlangoni, kisu cha ndizi mkononi.

Mkaguzi akafungua daftari lake, akaanza kuandika kwa hasira, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Erisa hakuwa na pa kuweka macho, akayaweka pale. Na pale, upande wa pili wa meza, kila herufi ilikuwa imekaa kama alivyoizoea. Midomo yake ikaanza kutembea yenyewe.

"'Ki-ji-ji. Kijiji cha Kya-mu-yombo. Watu wake ni wa... wa-o-ngo. Waongo.'"

Kalamu ikasimama.

"'Mzee mmoja ame-shika kitabu juu chini. Shule isi...' Hapa hujamaliza, ssebo. Isi nini?"

Bwana Ssebuliba akatazama daftari, akamtazama Erisa, akatazama daftari tena. Akaandika neno jingine, polepole, bila kumwondolea macho.

"'Kiatu,'" akasoma Erisa. "Pole kwa hicho, ssebo. Wakata mafunjo watakitafuta."

Kanisa likaangua kicheko, na mkaguzi akalikaripia, ila sauti yake ilikuwa imeanza kulegea. Akamwita Eseza. Eseza hakwenda mbele ya meza. Alikwenda ubavuni, akalaza kichwa begani kama alivyozoea mkekani, akasoma mistari mitatu ya Marko bila kukosa ila mara moja.

"Huyu naye shingo yake ina nini?"

"Kitabu ni kimoja, bwana," akasema Nasanaeri. "Kila mtu amesoma kutoka alipokaa."

Bwana Ssebuliba akaweka kalamu chini. Akatazama wale watu ishirini na sita, mikono yao yenye madoa ya utomvu wa ndizi, akatazama mguu wake usio na kiatu, na mtoto wa mlangoni. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo, mpaka akashika meza. Alipomaliza alifuta macho, akakata kwa kalamu yote aliyoandika, akaandika mengine. Akaligeuza daftari limwelekee Erisa, kwa adabu, akamsogezea.

"Soma, Ssalongo."

"Asante, ssebo," akasema Erisa, akaligeuza tena kichwa chini.

"'Nimefuta ya mwanzo. Kijiji hiki ki-na-soma. Kipewe shule. Na vi-ta-bu, kila mtu cha kwake.'"

Hayo ni maneno ambayo hakuna kaka aliyemsomea kwanza. Yalitoka kwenye karatasi yakamfikia yeye moja kwa moja. Alilia mbele za watu kwa mara ya pili maishani, na safari hii kwa furaha. Wakataka awasomee tena, akawasomea tena. Kiwanuka akataka kujua kama sabuni imetajwa.

Mwishoni Yunia akajipenyeza mpaka mezani. Erisa akamsomea peke yake, neno kwa neno, kidole kikitembea toka kulia kwenda kushoto. Mtoto alikifuata kidole kwa macho mpaka mwisho wa mstari.

"Babu, na mimi nitasoma hivi?"

"Hapana, mjukuu wangu," akasema Erisa. "Wewe utakaa upande wa mwalimu."