Kwa Wageni Nilisema Mdogo Wangu ni Mfanyakazi

Nimekosa, na niliyemkosea hayupo tena wa kuombwa msamaha. Ndiyo maana nawaambia nyie nisiowajua.

Mimi ni mzee wa huku Ilembo, Mpanda. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa mkali nikakimbilia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe tuliwaswaga kutoka Usukumani, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, Masanja, kwa miguu, na mvua ile ya njiani... hayo niyaache.

Kanisani walitangaza kuna wageni Wazungu watatembelea nyumba za waumini, na kwangu watafika. Katekista akatufundisha Kiingereza cha kujitambulisha: jina langu fulani, huyu mke wangu, huyu ndugu yangu, huyu mfanyakazi wangu. Wazee tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Masanja alishika haraka kuliko mimi. Tukirudi nyumbani anatambulisha kila kitu, hata punda wa watu.

"Dis izi mai braza," ananionyesha punda.

"Acha kunichekesha, nina kikohozi."

"Wewe kaka ndiye unayesahau. Siku hiyo nitakusaidia."

Siku ilipofika nilivaa koti. Mke wangu nikamtambulisha, mabinti nikawatambulisha, yote yakatoka sawa. Wageni wakapiga makofi. Nikajiona mtu mkubwa kweli.

Hapo Masanja akaingia kutoka zizini. Samadi mpaka magotini, kaptula imechanika. Anacheka, mkono ameshaunyoosha kusalimia. Mgeni mmoja akanigeukia, anangoja nimwambie huyu ni nani.

Nikasema, "Dis izi mai woka." Yaani mfanyakazi wangu. Maneno mengine yote darasani nilikuwa nayasahau. Hilo sikulisahau.

Masanja akaurudisha mkono, akaufuta kwenye kaptula. "Yesi, bosi," akasema, akatoka.

Jioni nikamwita tule. Sisi tangu utotoni tunakula sahani moja. Akabaki mlangoni.

"Njoo bwana, ugali unapoa."

"Mfanyakazi hali na bosi wake."

"Masanja, ulikuwa utani ule."

"Mbona wageni hawakucheka, bosi?"

Hakuniita kaka tena. Kila asubuhi anasimama nje: "Shikamoo bosi, leo nichunge wapi?" Mke wangu alinisihi nimwombe radhi. Mimi mkubwa nimpigie magoti mdogo? Nikasema atachoka mwenyewe. Masika yakapita yote, hajachoka.

Kifua kilipoanza kumuuma hakusema. Tulimkuta amelala zizini, tukampeleka hospitali. Nesi akamuuliza, "Babu, huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Akanitazama, akamjibu nesi:

"Bosi wangu. Ndugu sina."

Nesi akaniambia nikangoje nje, ndani wanakaa ndugu wa mgonjwa. Ningesema mimi ni kaka yake, tena kwa Kiswahili changu hiki hiki. Aibu ikanifunga mdomo. Alikata roho mimi nikiwa kwenye benchi la nje.

Mpaka leo kukipambazuka naisikia ile shikamoo nje. Nafungua mlango, naona ng'ombe tu wananitazama. Mke wangu amechoka kuniambia hakuna mtu.

Nyie wenzangu, kama kuna uliyemkana mbele ya watu, usingoje achoke. Nenda leo, hata kama mkubwa ni wewe, upige magoti humo humo kwenye samadi. Mimi yangu nilikwenda kuyapigia makaburini, nikaongea mpaka sauti ikakauka, nikarudi sijajibiwa.