Modemu Moja, Saa Sita Mchana

Nilikuwa na mtoto wa miezi saba, diploma ya sekondari ya ufundi, na kazi katika sekretariati moja ya Nyakabiga, Bujumbura: chumba chenye mlango wa chuma, fotokopi, mashine mbili za kuandikia na kompyuta moja. Vita vilikuwa vimezoeleka kiasi kwamba watu waliulizana barabara ya kaskazini ikoje leo kama wanavyoulizana kuhusu mvua. Mimi sikuzoea. Niliamka nikiwa na hasira na nililala nayo, na katikati nilipiga chapa barua za wengine.

Kando ya kompyuta kulikuwa na modemu, kisanduku cha ukubwa wa Biblia ndogo chenye taa nyekundu mbele, kilichounganishwa na simu. Laini ya simu ilikuwa moja. Ya pili patron, mwenye sekretariati, aliiomba kabla hajaniajiri na bado alikuwa anaambiwa arudi kesho. Kwa modemu hiyo tulipokea faksi za wateja, na kwa hiyo hiyo tulituma barua pepe zao. Hapo ndipo shida ilipolala. Programu ya faksi ikifunguliwa inaishika modemu na kungoja, hata kama hakuna anayepiga. Inaweza kukaa asubuhi mpaka jioni bila karatasi hata moja, na modemu ni yake tu. Programu nyingine ikiiomba, kompyuta inakataa. Hakuna kusukumana wala kuomba zamu. Aliyetangulia ndiye mwenye kitu mpaka akiache mwenyewe.

Basi mimi na patron tulikubaliana kwa mdomo. Faksi ikae wazi siku nzima, lakini saa sita mpaka saa nane, mji unapofunga kwa chakula na laini za simu zinapopumua, faksi ifungwe ili barua ziende. Kila siku saa sita kasorobo niliifunga mwenyewe.

Programu ya kutuma barua niliiandika mimi, kwa Basic, lugha ya kompyuta niliyojifunza shuleni, mtoto akiwa bado tumboni. Najisifu, ndiyo. Wanaume watatu walikuwa wamemwambia patron kwamba haiwezekani bila kununua kitu kutoka Ulaya. Saa sita na robo ilikuwa inaamka yenyewe, inaomba modemu, inapiga simu kwa ofisi moja ya mjini iliyokuwa na kompyuta kubwa, inakabidhi barua zote za siku, inachukua zilizotujia na kukata simu.

Nilipofika mahali pa kuandika ifanye nini ikinyimwa modemu, sikufikiri sana. Niliandika: ngoja dakika moja, omba tena, ukinyimwa mara ya tatu, ondoka. Ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alitufundisha kupiga hodi mara tatu na kugeuka, bila kuchungulia dirishani, bila kugombana na mlango wa watu, bila kuacha kelele nyuma. Kwa hiyo programu yangu ilikuwa na adabu. Ikikataliwa mara tatu ilijifunga kimya na kuacha skrini safi. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba kosa lazima liandikwe mahali, hata kama ni mstari mmoja. Nilimsikia. Sikumfuata, kwa sababu nilijua faksi inafungwa saa sita, na nani mwingine angeichukua modemu?

Mimi saa sita sikuwepo. Nilikuwa natoka mbio kwenda nyumbani kunyonyesha, mitaa minne kutoka pale. Mtoto nilimwachia mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kwangu kutoka Carama, mtaa wa kaskazini mwa mji, na godoro kichwani, wiki ile watu wa kule walipokimbia risasi wakalala machakani. Baba wa mtoto alikuwa kazini mikoani, na simwandiki hapa. Ukweli ni kwamba bila mdogo wangu nisingekuwa na kazi. Nilimpa chakula na kona ya kulala, na nilijiona mwema.

Yeye alitaka kuwa muuguzi. Aliandika barua sijui ngapi, mpaka masista wa shule moja ya Uganda wakampa nafasi, pamoja na chakula na kitanda. Walikuwa na sharti moja: jibu lake liwafikie kabla ya Ijumaa saa kumi, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata. Jumatatu asubuhi alikuja sekretariati na mtoto mgongoni, akaandika jibu lake mwenyewe kwa vidole viwili. Alikubali. Alishukuru mara nne katika barua ya mistari sita; nilitaka kufuta mbili, akanikataza.

Saa nane niliporudi nilikuta skrini safi. Nikaandika kwenye daftari, kama kila siku, "zimekwenda". Jumanne zimekwenda. Jumatano zimekwenda. Alhamisi pia.

Ijumaa, saa tano na nusu, akaingia mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge sokoni. Aliegemea kaunta, akatazama modemu kama mtu anayetazama kuku wa jirani. Kaka yake wa Nairobi, anayemnunulia mali, alikuwa amempigia simu jana kuuliza kwa nini amenyamaza wiki nzima.

"Dada," akaniambia, "barua yangu ya Jumanne muko munaifuga?"

Nilicheka. Kisha nikafungua folda ya barua ili nimwonyeshe kwamba haina kitu, na barua zote zilikuwa humo. Kumi na tisa. Za Jumatatu, Jumanne, zote zimepangana. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mdogo wangu.

Mama wa vitenge nilimwomba msamaha, nikamwambia arudi jioni. Sikuwaza barua yake, nasema kweli. Niliifunga faksi, nikaongeza kwenye programu ule mstari wa mwalimu, wa kuandika kosa, nikaiamuru iende palepale. Modemu ilipatikana mara moja, lakini laini ya ofisi ya mjini ilikuwa inatumika, kama kila asubuhi. Tuu, tuu, tuu. Kwa hiyo programu haikuwa mbovu. Kuna mtu alikuwa anaichukua modemu saa sita, mimi nikiwa nimeenda.

Siku ile sikwenda nyumbani. Nilikaa nyuma ya fotokopi, juu ya katoni za karatasi, maziwa yakilowesha blauzi.

Saa sita na dakika tano patron akatoka chumba cha nyuma na sahani yake ya maharage. Alikuwa mtu mtaratibu, wa kunyoosha shati kabla ya kukaa. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua faksi. Kisha akachukua kile kitambaa cha kufuma ambacho mama yake alitufumia cha kuzuia vumbi, akaifunika skrini, akaanza kula. Ndiyo maana sikuwahi kuona kitu. Kabla ya saa nane alikuwa anaifunga faksi, anakunja kitambaa, na mimi nakuta kila kitu kilivyokuwa.

Nilisimama. Kijiko kilimponyoka.

"Mama, haujaenda kunyonyesha?"

"Patron, nani anafungulaka faksi saa sita?"

Alitazama sahani. Akasema ni yeye, na mashine kwani ni ya nani? Halafu akaeleza, na aliyoyaeleza niliyajua nusu. Alikuwa na kaka yake mkubwa, grand frère, huko Ubelgiji, na huyo kaka alikuwa ameahidi, mwaka na miezi miwili sasa, kumtumia prise en charge, ile karatasi ambayo mtu wa Ulaya anaisaini kwamba atakulisha na kukulaza, na bila hiyo ubalozi haukutazami hata usoni. Nusu ya Bujumbura ilikuwa inangoja karatasi hiyo. Kaka huyo alitumia faksi ya kazini kwake, kwa siri, na alipata nafasi saa ya chakula tu, mkubwa wake akiwa ametoka. Jumapili alikuwa amepiga simu: ni wiki hii.

"Grand frère anakulaka saa sita," patron akasema. "Ni hapo tu anaweza."

"Mwaka na miezi mbili anakula, patron. Hajashiba?"

Aliinama akaokota kijiko. Nilimwambia kuhusu barua kumi na tisa, na ile ya kwanza ni ya nani, na saa kumi ni nini. Akasema kwa upole, upole ule ulioniudhi kuliko matusi, kwamba ningoje saa nane. Saa nane laini zinajaa, patron unajua. Akasema basi nijaribu hivyo hivyo, faksi ikiwa wazi, si mimi ndiye fundi. Nikamweleza kwa mara ya mia kwamba hakuna ufundi wa kumpokonya mwenzako modemu. Ningeweza kuiua programu yake kwa vidole vitatu, na nikamwambia hivyo pia. Aliweka mkono juu ya kibodi. Mkono mzima, umetandazwa, kama unavyofunika chakula nzi wasitue.

Hapo mdogo wangu akaingia. Mtoto alikuwa amelia mpaka amekauka sauti, naye akaona nimechelewa, akamleta. Nilimchukua, nikamweka titini nikiwa bado nimesimama, nikaendelea kugombana. Dakika mbili zilimtosha mdogo wangu kuelewa. Alikwenda kwenye kaunta, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye Jumatatu.

"Yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "hapa umeandika imeenda."

Nilianza kueleza habari ya modemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya kwetu.

"Ao programu yako inajua vile we unataka?" akasema. "Nikienda, nani atabaki na mutoto?"

Patron alishusha macho. Mimi nilitaka kumpiga kofi, na mikono yote ilikuwa na mtoto. Nimefikiri juu ya neno lile kwa miaka. Sikuiharibu barua yake; hilo naweza kuapa. Lakini kwa siku nne niliandika "zimekwenda" bila kufungua folda, kazi ya kubonyeza mara mbili. Barua ya serikali ningeihakikisha. Barua ya mfanyabiashara mkubwa ningeihakikisha siku ya pili. Ile iliyokuwa inanichukulia mlezi wa mtoto niliiachia skrini safi iniambie imefika, na skrini ilipokuwa safi nilifurahi na sikuuliza. Sijui hiyo inaitwaje. Najua kwamba pale niliona aibu, na aibu yangu inatoka ikiwa na sura ya hasira, kwa hiyo nilimgeukia patron na kumwambia maneno ambayo siyarudii.

Katikati ya maneno yale taa ya modemu ikaanza kupepesa.

Simu iliingia. Faksi. Patron alivuta kitambaa, na sote watatu tukaisogelea skrini, hata mtoto aliacha kunyonya na kutazama. Ukurasa ulikuwa unashuka mstari kwa mstari, polepole, kutoka juu. Vidole vyangu vilikuwa karibu na kibodi. Yeye alikuwa ameuondoa mkono wake kwa kusahau. Ningeweza kukata. Mdogo wangu aliniona. Sikukata. Mwaka na miezi miwili ni mingi, na mimi si mtu mbaya, mimi ni mtu mwenye hasira tu.

Juu kabisa ilitokea picha ya gurudumu. Kisha maandishi: bei za matairi, kutoka Dubai, kwa mfanyabiashara mmoja jirani yetu. Kurasa mbili. Patron alisoma zote mbili mpaka chini, matairi ya lori, matairi ya pikipiki, kama vile jina lake lingeweza kuwa limefichwa katikati. Ilipokwisha alikivuta kipanya, akaifunga faksi mwenyewe. Akachukua sahani yake, akarudi chumba cha nyuma, na hakurudisha mlango.

Nilifuta ile hesabu ya mara tatu. Niliiandikia programu iombe na iendelee kuomba, na kila ikikataliwa iandike saa na sababu kwa herufi kubwa. Modemu ilipatikana. Ofisi ya mjini haikushika mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya sita. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Saa saba na dakika ishirini walishika. Barua kumi na tisa ziliondoka, na safari hii niliifungua folda, nikaitazama ikiwa tupu, nikamwonyesha.

Hakusema asante. Alimfunga mtoto mgongoni, akarudi nyumbani.

Jibu la masista lilikuja Jumanne. Mistari miwili: barua imefika Ijumaa, kitanda chake kipo, aje na shuka zake. Patron ndiye aliyelichapisha, mimi nikiwa nimeenda kunyonyesha. Sasa alikuwa anafunga faksi saa sita mbele ya macho yangu na kunionyesha kwa kidole kwamba imefungwa. Kuhusu kaka yake hatukuongea tena.

Wiki mbili baadaye nilimsindikiza mdogo wangu kwenye basi, alfajiri, amri ya kutotoka nje ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Mabasi yalikuwa yanangojana ili yapande mlima kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Tulikuwa tumeongea wiki hizo mbili mambo ya shuka na sabuni. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilipofungua mdomo nikasikia nauliza mtoto analalaje mchana, kwa sababu nilikuwa sijui. Mimi mama yake nilimjua asubuhi na usiku tu.

Akaniangalia kidogo. Kisha akaweka mfuko chini, akamtoa mtoto mgongoni mwangu, akanionyesha: umshike ubavu, si kifudifudi, umpigepige hapa, chini ya bega, polepole, na usimtazame machoni.

"Ukimutazama anafikiri unataka kucheza," akasema. "We mutazame pembeni tu."

Nilijaribu pale pale, kati ya mabasi. Alinirekebisha mkono mara mbili kabla hawajaita abiria.