Paa la Soko Lililopotea Ndani ya Ramadhani

Paa la soko letu tulilipoteza Ramadhani iliyopita, kabla halijaezekwa. Bwana Mhariri, jina langu lifiche. Mie ni mjane wa miaka arobaini na mbili, nauza makopa ya muhogo na unga wake huku Temeke. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa biashara hiyo, sikurithi hata mlango.

Miaka miwili tumelipa ushuru senti kumi kila siku, tukiambiwa fedha ya bati imeshatengwa. Mafundi walipokuja kupima, Ramadhani ilikuwa mlangoni. Soko likifungwa kwa ujenzi mwezi ule, watu watafuturu nini, na sie tutakula nini? Wenzangu wakanituma kwa karani wa soko nimwombe kazi ingoje mpaka baada ya Idi. Akacheka. "Hakuna neno, mama. Uzeni kwa raha zenu."

Idi ikapita, mafundi kimya. Nikaenda tena.

"Mwaka wa hesabu ulikwisha mkiwa kwenye saumu," akaniambia. "Fedha isiyotumika hurudi mfukoni."

"Mfuko wa nani?"

"Wa mji."

"Na sasa iko wapi?"

"Imetia lami barabara ya kule kwa wakubwa."

"Wewe ulijua hesabu inafungwa lini, na bado ukaniitikia?"

"Hukuniuliza, mama."

Mvua za vuli zimenilowesha magunia matatu ya makopa, yakaota kuvu, nikayamwaga. Mwanahawa muuza samaki, shoga yangu tangu tuko wageni mjini, alisimama kwenye mvua ile akanipigia kelele mbele ya wanunuzi: "Mama Paa! Tufunike basi na huyo karani wako!" Soko zima likacheka. Wengine wanasema nilipewa kitu.

Sasa karani ananitaka barazani, nikubali kwa niaba ya wenzangu ushuru upandishwe hadi senti kumi na tano, ndipo paa liingie tena katika makisio ya fedha za mji ya mwaka ujao. Nikikataa, soko letu haliandikwi humo kabisa. Nikikubali, Mwanahawa ameshaniapia: "Kesho yake usitandike jamvi lako hapa." Nami hesabu nimeipiga: paa lile tumeshalinunua. Tunaambiwa tulinunue mara ya pili, kwa bei ya juu, na hakuna anayetuahidi kwamba safari hii halitageuka lami.

Wasomaji, pole msinipe. Gazeti hutoka Jumamosi, baraza ni Alhamisi inayofuata saa nne asubuhi, na nitaulizwa neno moja tu mbele ya wote. Majibu mpeni mhariri kabla ya saa hiyo: nikubali, au nikatae?