Udhaifu wa Nne wa Kaka Selemani

Nyumbani kwetu Vingunguti kulikuwa na harufu mbili, na upepo ndio ulioamua tuvute ipi. Ukivuma kutoka machinjioni, tulikula tukiwa tumekunja nyuso na mama akafunika kila chungu. Ukigeuka, ilikuja harufu ya vumbi la mpingo kutoka kibandani kwa baba, harufu kavu, tamu kidogo, iliyoingia kwenye kanga, kwenye mashuka, na naapa hata kwenye ugali. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Newala akiwa kijana, akaja mjini na tezo moja na patasi mbili, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kiasi kwamba sabuni ilishavikatia tamaa. Nilidhani akina baba wote duniani wana vidole vya namna hiyo. Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, na nilijua kila kitu. Nasema hivyo kwa sababu baada ya masika ya mwaka ule sijawahi tena kuwa na hakika na jambo lolote.

Masika yale ndiyo kaka yangu Selemani alirudi likizo kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisomea uhandisi. Mtaa mzima ulijivunia. Wazee waliokuwa wakimtuma sigara juzijuzi tu sasa walimwita mhandisi, naye alitembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Alikuja na kazi ya likizo, na kazi yenyewe haikufanana na uhandisi hata kidogo. Mwalimu wao, Mzungu mmoja, aliwaambia kwamba nchi inayojenga ujamaa haina haja na mtaalamu asiyeweza kuongea na wananchi. Kila mwanafunzi arudi kwao, ajitambulishe mbele ya watu, awaeleze jambo moja la ufundi kwa Kiswahili wanachokielewa, kisha aseme wazi ana uwezo gani na udhaifu gani katika mazungumzo. Balozi wa nyumba kumi atie saini kwamba yote yamefanyika na wananchi wameyakubali. Mama alisikiliza maelezo hayo huku akichambua mchele, akauliza, "Kwani hao watu hawakujui, mpaka ujitambulishe?" Kaka akainuka, akaenda kutafuta daftari lake.

Mimi niliona jambo lenyewe ni rahisi. Shuleni kwetu kujikosoa kulikuwa kama somo. Kila Ijumaa mwalimu alitusimamisha tutaje makosa yetu ya wiki, na aliyetaja mengi alipigiwa makofi. Mimi nilipigiwa makofi mara nyingi, maana makosa yakinipungukia nilikuwa natunga. Lakini nyumbani nikithubutu kusema mbele ya mgeni kwamba nimevunja kikombe, mama alinifinya. Mdomo huponza kichwa, alisema. Shuleni mwalimu alisema mficha uchi hazai. Methali zote mbili ni za wahenga, na mpaka leo sijaelewa kwa nini hao wahenga hawakukaa kikao kwanza wakapatana.

Kaka alifanya mazoezi nyuma ya jiko, na mimi ndiye niliyekuwa mkutano wake. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa, yeye akasimama na daftari mkononi, akanisalimia "Shikamooni wazee wangu," nami nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, tukacheka. Kazi yangu ilikuwa kumkumbusha akikwama, kwa hiyo niliyashika maneno yote kichwani kuliko hata yeye. Uwezo wake: anachora kitu mpaka asiyesoma akakielewa, na akiuliza swali anajua kusubiri jibu. Udhaifu wa kwanza: akisimama mbele ya wakubwa, maneno yanamkimbia. Wa pili: akiogopa, anachanganya Kiingereza. Wa tatu: hapendi kukosolewa. Siku ya kwanza alisoma na wa nne, kwa sauti ya chini, kama anayejisomea peke yake. "Nilipojitambulisha chuoni, nilisema baba yangu ni karani. Niliona haya kusema ni mchonga vinyago." Akafunga daftari. Siku zilizofuata alikuwa anaishia kwenye ule wa tatu, na mimi nikawa nasikitika kwamba kaka, pamoja na elimu yake yote, anasahau.

Jambo la ufundi alilochagua lilikuwa kivuko. Mvua za kwanza zilikuwa zimechukua gogo la mnazi tulilovukia mto kwenda shule, na mtoto wa jirani alinusurika kwa kushika majani. Balozi wetu, Mzee Likwena, aliitisha mkutano uani kwake Jumapili ili watu waamue nguvu zao wazitoe kwa mpango wa nani. Fundi Athumani, mwashi wa mtaa, alitaka gogo jingine, nene zaidi. Kaka alitaka nguzo za mawe na mbao juu yake, mahali maji yasipofika. Mpango wake ukikataliwa, sisi watoto tungezunguka njia ndefu masika yote au tungejaribu bahati yetu na gogo, naye angerudi chuoni bila saini ya balozi.

Alianza vizuri mno. Alijitaja kuwa Selemani mtoto wa Mzee Bakari, akachora kivuko kwa kijiti kwenye mchanga, na kina mama wakasogea kuangalia. Alipofika kwenye udhaifu, watu wakaanza kutazamana. Fundi Athumani alicheka waziwazi. "Sasa jamani, fundi anayejitangaza mbovu, nani atampa kazi? Mie miaka yote hii mmenisikia nikisema sijui kupiga plasta?" Watu wakacheka. Kaka akasema udhaifu wa kwanza, wa pili, na wa tatu, kisha akanyamaza. Hakukaa. Alisimama tu, kijiti mkononi, akinitazama. Nikajua amekwama, na kazi yangu imefika. Nikasimama, nikanyoosha mikono kama Ijumaa shuleni, na kwa sauti safi nikawasomea wananchi udhaifu wa nne, wote, tangu karani mpaka kuona haya.

Nilisubiri makofi. Hayakuja. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti, na nilimwona akiitazama ile mikono, kisha akaikunja polepole ili vidole visionekane. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu kimevunjika, ingawa sikujua ni kitu gani. Baba akainuka. Nilidhani atanipiga mimi, au atampiga kaka, au ataondoka. Akasema, "Habari ya kivuko mmeisikia. Tuendelee na kivuko." Akakaa. Mzee Likwena alisema wanaokubali mpango wa Selemani wanyooshe mikono, na karibu wote walinyoosha. Sijui kama walivutiwa na nguzo za mawe, au walimwonea baba huruma, au walitaka tu mkutano uishe waende zao. Baba naye alinyoosha mkono, ngumi ikiwa imefumbwa.

Nyumbani hakuna aliyenigusa, na hilo lilinitesa kuliko fimbo. Laiti ningechapwa, ningejua nimekosa. Mvua zilipopungua kivuko kilijengwa, na baba alibeba mawe mengi kuliko mtu yeyote, yeye na kaka wakipokezana jiwe bila kusemezana neno. Tukavuka kwenda shule bila kulowa. Watu walinisifu kuwa mtoto jasiri, wengine walinikwepa, na balozi akatia saini. Jioni moja baba aliniita kibandani. Aliendelea kupiga msasa kinyago chake, kisha akauliza bila kuniangalia, "Eti Somoe, karani hufanya kazi gani hasa?" Nikamweleza ninavyojua: anakaa kwenye kiti, anaandika, anagonga muhuri. Akafikiri kidogo. "Basi si kazi mbaya," akasema, akaendelea na msasa. Niliondoka mbio, nikaenda kulia chooni, na hata hapo sikujua ninamlilia nani.

Baba alishatangulia mbele ya haki zamani, na kaka ni mhandisi mstaafu, amejenga Madale, juu kilimani, ambako upepo hauna harufu yoyote. Mwezi uliopita nilimkuta mjukuu wake, Jamali, naye mwanafunzi wa uhandisi, akijirekodi kwenye simu kwa ajili ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Alijitambulisha bila kukwama hata mara moja. "Udhaifu wangu," alisema akitabasamu, "ni kwamba najituma kupita kiasi." Nikamwambia huo si udhaifu, hiyo ni posa. Akacheka, "Bibi, siku hizi ndivyo inavyotakiwa, ukisema kweli hupati." Hakumtaja baba yake, wala hakuna aliyemuuliza. Akaingia ndani kurudia.

Tulipobaki wawili, nikasema neno ambalo nililimeza tangu nina miaka tisa. "Kaka, nisamehe kwa yale ya mkutanoni." Akasema, "Nilikuona ukisimama, Somoe. Ningeweza kukuambia kaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ilibidi yasemwe, na mie mdomo ulikataa."

Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nilitaka kumzaba kibao, pamoja na uzee wake ule. Miaka yote nimejihesabu mtoto aliyemwaibisha baba yake kwa kiherehere, kumbe nilitumwa bila kuambiwa. Sasa nisingeweza hata kukasirika sawasawa, maana jambo lenyewe lilikuwa kweli, na mwenye kweli hiyo hakuwa na njia nyingine ya kuitoa. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia baba. Alitikisa kichwa, akageuka kuangalia ukutani. Baba alikwenda kaburini akijua kwamba mwanawe alimwonea haya, na hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe huyo huyo ndiye aliyetaka aambiwe.