Vidonge Nilivyomficha Mama Mkwe

Hata leo nikipita karibu na lile kanisa naangalia chini, lakini wacha niwaambie tu, aibu nilishaimaliza yote siku ile.

Mimi nimezaliwa Ruiri nikaolewa Embu, mtaa wa Majimbo, na tangu utotoni nameza dawa za kifafa (mume wangu anajua, kwao hawakujua). Baada ya kumzaa Wawira mguu ukavimba, kumbe damu imeganda ndani, nikaanzishiwa dawa ya kuifanya iwe nyepesi. Siku ya kliniki mama mkwe akanisindikiza, daktari akauliza kama kuna dawa nyingine natumia, na kwa sababu mama ameketi hapo, nikasema, "Hakuna." Sasa zile za kifafa zikawa zinaimaliza nguvu hii mpya, kila wakinipima damu bado nzito, wananiongezea, wananiongezea tena.

Halafu mama akaja kukaa kwetu atusaidie na mtoto. Nikaogopa ataviona vile vidonge vya kifafa, nikaviacha kabisa (na mimi ni mwalimu, jamani!). Wiki ya tatu ufizi ukaanza kutoa damu nikipiga mswaki, nikalaumu mswaki.

Jumapili nikaitwa mbele kusoma matangazo. Nakumbuka nimesema, "Akina mama watakutana..." basi. Kuzinduka, niko sakafuni, nimejiuma ulimi, nimejikojolea, damu haikatiki, mama mkwe amevuta kitambaa cheupe cha madhabahu ananishikilia mdomoni, na mtu huko nyuma anasema, "Msimguse, kifafa kitawashika na nyinyi!"

"Nyamaza wewe," mama akamjibu. "Huyu ni mtoto wangu."

Hospitalini nikamwambia daktari yote, mama akisikia. Daktari akashika kichwa. "Madam, tumekuwa tukiongeza hii kwa sababu ile ingine ilikuwa inaipunguza. Ukaiacha, hii ikabaki na nguvu yote. Ungekufa utuachie mtoto."

Mama alingoja daktari atoke. "Mama Wawira," akaniuliza polepole, "nilikukosea nini?"

Nikageukia ukuta.

Siku hizi nikifika kliniki namwaga dawa zangu zote mezani, hata ya kikohozi, na siachi wala siongezi kidonge bila kuuliza. Mama alisharudi kwake, tunapigiana simu, ananitumia ndizi. Lakini kumwambia kwamba hakunikosea chochote, hiyo bado imenishinda.