Mume Wangu Alimalizia Kupaka Gari Rangi Mtoto Akikosa Pumzi

Dada huyu ana nyumba yake Ruiru. Majina tumeyageuza ili asijulikane. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka minne, nitamwita Shiru. Mume wangu ni mtu mpole. Nasema mapema kwa sababu mkimaliza kusoma mtadhani ni mnyama, na si mnyama. Hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, na Shiru akilia usiku ni yeye hutoka kitandani kwanza.

Baba yake mume wangu alipofariki, ndugu waligawana vitu, na yeye akachagua kile ambacho hakuna aliyekitaka: Peugeot 404 ya mzee, iliyokaa nyuma ya nyumba yao Thika mpaka kuku wakawa wanataga kwa kiti cha nyuma. Ilivutwa kwa kamba hadi kwetu. Injini ilitengenezwa na fundi, lakini rangi alisema ataipaka mwenyewe, ile nyeupe ya maziwa mzee aliyoipenda.

Kulikuwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Baba Shiru akanunua kwake mashine ya kupuliza rangi, wanaiita turbini. Haitumii kompresa kama mafundi wa jua kali. Ni kama ndoo ya chuma yenye feni ndani, inasukuma hewa ya joto kwa mpira mnene mpaka kwa bunduki ya rangi. Alinieleza kwamba uzuri wake ni kuwa rangi haitawanyiki sana hewani, kwa hivyo mtu anaweza kufanyia kazi nyumbani. Akajenga kibanda cha mabati na nailoni karibu na jikoni yetu.

Shiru ana pumu tangu akiwa mdogo. Siku ya kwanza ya kupuliza rangi kifua kilimbana tukampeleka hospitali. Daktari aliuliza ni nini kinafanyika nyumbani, na alipoambiwa akasema shida si ule unga wa rangi tu, ni mvuke wa dawa inayochanganywa ili rangi ikauke. Mtoto asiwe karibu hata kidogo. Baba Shiru alilia pale pale. Tukakubaliana kwamba siku za kupuliza nitampeleka Shiru kwa dada yangu Juja, na kweli tulifanya hivyo, mambo yakaenda vizuri.

Ikabaki kupuliza rangi mara ya mwisho. Ruracio ya ndugu yake mdogo ilikuwa imekaribia na mama mkwe alitaka vijana wake waende kulipa mahari na gari la baba yao. Siku hiyo nilikuwa nikimvalisha Shiru viatu tuondoke, mama mkwe akafika kutoka Thika, amekuja kuona gari. Akasema bibi ya mtu haachi mgeni nyumbani. Mume wangu akaniambia nipike tu chai, atangoja.

Hakungoja. Mawingu yalianza kukusanyika, na ile rangi alikuwa ameshaichanganya na dawa. Ikichanganywa huganda ndani ya mkebe. Nikiwa jikoni nikasikia mashine imeanza kulia.

Nilimwambia mama mkwe lazima tutoke. Akasema amelea watoto saba kwa moshi wa kuni na wote wako hai. Nilikuwa bado namtafutia maneno ya heshima, Shiru akaanza. Kifua kilipiga filimbi, mbavu zikawa zinaingia ndani. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, haikusaidia. Nikambeba mpaka mlango wa kibanda.

"Zima, Baba Shiru. Mtoto hapumui."

Alinitazama. Alikuwa amejifunga leso mdomoni, macho mekundu. Alinisikia, kwa sababu alijibu.

"Imebaki boneti. Nikiachia hapa itabaki na alama. Mpeleke barabarani apate hewa, nakuja."

Halafu akageuka.

Nilikimbia kwa jirani mwenye pikapu ya kubebea maziwa. Mama mkwe alitufuata na kiatu kimoja, akapanda nyuma, akaomba Mungu kwa Kikuyu njia yote. Midomo ya Shiru ilikuwa imebadilika rangi. Tulipokuwa tunatoka kwa geti ile mashine ilikuwa bado inalia.

Alitupata hospitalini, rangi imeshika hata kope. Shiru alikuwa tayari amewekewa oksijeni. Mungu ni mwema, alipona. Tulipotoka sikurudi Ruiru, nilienda Juja kwa dada yangu, na hapo ndipo niko.

Mama mkwe amekuja, akasema kosa lake amelijua, nisimwache kijana yake kwa sababu ya rangi. Jumapili alikuja Baba Shiru mwenyewe. Amekonda. Aliweka ufunguo wa gari mezani akasema nikitaka liuzwe, ataliuza kesho.

"Sikujua amezidiwa hivyo," akasema.

"Nilikuambia hapumui."

Alipoondoka ufunguo ulibaki pale mezani.

Jumamosi hii ni ruracio. Familia yote inatarajia nikae kwa hilo gari kando yake, na wanasema nisipoenda nimewaaibisha mbele ya wageni. Dada yangu ananiambia nirudi, mume asiyepiga wala kunywa ni wa kutafutwa kwa tochi. Wote wanadhani nimekasirikia gari. Sina neno na gari. Watu wanasema limependeza sana, boneti inang'aa kama kioo. Ninachokiona nikifumba macho ni mgongo wake akinigeukia, na mimi nimembeba mtoto.

Shiru mwenyewe kila siku ananiuliza baba atakuja lini kumbeba na gari ya guka, babu yake.

Wasomaji, na hasa wale mmeishi kwa ndoa miaka mingi, nishaurini. Mtu mwema aliyekosea mara moja, na mara yenyewe ni ile, unarudi kulala kando yake? Nifanye nini?