Sabuni ya Bwana Saa

Wenzake walimwita Bwana Saa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwongozaji wa wageni katika hifadhi ya taifa yenye mabonde ya maji moto, na humo kuna chemchemi moja kubwa ambayo hulala kimya, kisha ikijisikia hufoka juu kupita miti. Waongozaji wengine walisimama na wageni wao juani hadi wageni wakaanza kununa. Wa Bwana Saa hawakuwahi kununa. Aliwapitisha kwenye njia ya mbao, akawaonyesha matope yanayotokota kama uji na mawe yaliyogeuka manjano kwa moshi wa volkano, kisha akasogea ukingoni, akawapa mgongo kidogo, akatazama saa yake na kusema, "Sasa hivi." Na kweli maji yakaruka.

Siri ilikuwa sabuni. Kipande kidogo kikitupwa kwenye tundu la chemchemi, maji huchokozeka yakafoka kabla ya wakati wake. Ni marufuku, kwa sababu huiharibu chemchemi, na mfanyakazi akikamatwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Bwana Saa alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyewasomea wageni masharti pale langoni. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu alitia sabuni.

Kununua kwenye duka la wafanyakazi hakuthubutu, kwani pale hata ukinunua kitana watu wanataka kujua unamchana nani. Akawa anakata kwenye mche wa nyumbani, kila asubuhi akiingia bafuni kuoga. Kumbe mkewe ni mtu anayejua sabuni yake aliiacha imeishia wapi. Aliona inapungua bila nguo kufuliwa, akawapitia watu wa nyumba yake mmoja mmoja, na jicho likatua kwa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa Bwana Saa, mjane aliyekuja kuishi nao baada ya kufiwa na mumewe. Alilala kwenye kochi la sebuleni. Mke hakutamka neno mwizi. Alisema tu, mbele ya watoto, kwamba siku hizi sabuni imeota miguu, akaanza kuifungia kabatini chumbani kwake, ambamo mwizi mwenyewe alikuwa analala. Dada alimwendea ndugu yake, akamwambia hajagusa kitu na akamwomba amtetee. Bwana Saa akajibu kwamba mambo ya wanawake yeye hayaingilii. Aliona aibu, tena aibu kubwa, hata chai ikamshinda. Kesho yake akakata kipande kingine.

Za mwizi arobaini. Ikafika siku ambayo familia za wafanyakazi huingia hifadhini bure, na mkuu wa hifadhi mwenyewe akajiunga na kundi la Bwana Saa. Mke alikuwepo, watoto walikuwepo, dada pia. Bwana Saa akataka kung'ara, akatupa karibu nusu mche. Maji yalipaa juu kuliko siku zote, watoto wakapiga makofi, kisha yakashuka na povu. Povu jeupe lilitambaa hadi kwenye njia ya mbao, na mahali palipozoea kunuka mayai viza pakanukia sabuni ya ndimu.

Mkuu akauliza nani ametupa sabuni. Akasema basi ataanza kumpekua mwongozaji. Dada alilitazama povu, akautazama mkono wa ndugu yake uliokuwa umebana mfuko wa suruali, akaelewa yote.

"Ni mimi, mkuu," alisema. "Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nilidhani maji ya moto hivi ni ya kufulia."

Watu walicheka. Mkuu hakucheka. Alimkaripia mtu mzima yule mbele ya watoto wa ndugu yake, akaamuru atolewe na asikanyage tena hifadhini. Wa kumtoa ni mwongozaji.

Walitembea hadi karibu na lango. Hapo Bwana Saa akauliza, "Kwa nini, dada?"

"Ukifukuzwa wewe, watoto watakwenda wapi? Mimi kwako nimeshakuwa mwizi, ujinga hautanizidishia kitu." Kisha akasimama. "Ila mkeo umwambie, mdogo wangu. Leo. Hilo tu nakuomba."

Bwana Saa aliahidi, na alipoahidi alikuwa anamaanisha.

Jioni dada alikuwa sebuleni akikunja nguo za watoto. Mke alimfuata mumewe chumbani, mlango akauacha wazi, wala hakushusha sauti.

"Nilikuambia nini kuhusu dada yako? Sasa umeamini?"

Bwana Saa alifungua kinywa. Alijua mkewe akijua, wiki haitaisha kabla nyumba zote za wafanyakazi hazijajua, na jina lake litakuwa limekwisha. Sebuleni dada alikuwa ameacha kukunja nguo, anasikiliza. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Nimeamini," alisema.